Kasumbalesa mpaka nyumbani na mayai 14,400: maoni yangu juu ya barabara, peyaje na zile kilomita 3 za mwisho

Bandugu ba Lubumbashi, jambo yenu.

Natoa maoni yangu juu ya barabara ya Kasumbalesa, kwa mupaka wa Zambia, pamoja na peyaje yake, ile bariyeri ya kulipia njia, juu kila mara naona bantu banaandika "iko muzuri" ao "banatuiba tu" na inaishia pale, muntu mwenye anataka kuanza kufanya ile njia hapati kitu cha kumusaidia. Mi ni mama wa biashara, naletaka mayai ya Zambia, napitaka pale mara moja kwa juma, kukiwa sikukuu mara mbili, sasa ni miaka 6. Na nawaambia kweli, yai njo kipimo ya barabara. Unga ikimwangika unazoa, sabuni ikipondeka unauzisha kwa bei ya chini, lakini yai ikipasuka imeenda, na inaenda na majirani yake, juu ule ute unashuka kwa plato za chini, kartoni inalowa, inalegea, kesho yake hata zenye zilikuwa nzima zinaanza kunuka.

Kawaida napakiza kartoni 40 kwa Canter ya kukodi. Kartoni moja iko na plato 12, plato moja mayai 30, yote pamoja mayai 14,400, na faida yangu iko ndani ya zile zenye zitafika nzima. Tangu mwaka juzi naandika kwa kaye, daftari yangu: tarehe, mvula ao jua, plato ngapi zimevunjika mpaka kuingia muji, plato ngapi kutoka pale mpaka kwa depo yangu. Nilianza juu shofere wangu wa zamani kila mara alikuwa anasema "Mama, ni barabara", mi namwambia ni mwendo wake, tukabishana weeee mpaka nikakamata bic. Kaye njo ilitukata mashauri: tulikuwa tunagombana juu ya kilomita 90, kumbe mayai ilikuwa inakufia kwa 3 za mwisho.

Tuanze na ile kubwa. Kasumbalesa mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 90, ni kipande ya RN1, barabara ya taifa namba 1, njo mulango wa Katanga kwa Zambia. Kwa ile gudroni, lami, inapita mukuba (shaba) na kobalti inaenda mpaka bandari za Durban na Dar es Salaam, na inarudi unga, mazutu, asidi, mashini za mgodi na mayai yangu. Ukitoka duwani ya mupaka unapambana na musululu wa kamiyo, pale ni kuvumilia tu, beba mayi ya kunywa na kitu ya kula. Lakini ukishapita bariyeri ya Wiski unapumua. Gudroni inabeba.

Nabebaka plato moja kwa magoti yangu ndani ya kabini, juu nataka kusikia. Fasi yenye gudroni iko sawa mayai inakaa kimya. Fasi yenye kamiyo zimekanyaga mpaka zimechora mifereji miwili, mayai inaanza kugongana polepole kama meno ya mutoto mwenye anasikia baridi, na pale shofere muzuri anatoka ndani ya mufereji anatembea na mugongo wake. Iko vipande kama hivyo, zaidi fasi zenye kamiyo zinafunga breki. Usiku sishauri muntu, kamiyo zenye zimekufa zinalala kwa njia na matawi ya miti njo alama yao, unaiona wakati umeshafika juu yake. Lakini muchana, na shofere mwenye hana haraka, kaye yangu inaonyesha napoteza plato moja, ao moja na nusu, kwa zote 480. Nyota 4 kwa 5. Ile moja yenye nimebakisha ni juu ya pembeni, gudroni imekatika kama mukate yenye mutoto ameuma, ukifukuzwa na kamiyo yenye inapita mwenzake unashuka na gurudumu moja na unasikia kabisa nyuma kule plato zinajibu.

Peyaje sasa. Nyota 2, na nasema kwa nini.

Kwa mwendo sina neno, siku ya kawaida unafika, unalipa, bariyeri inapanda, unaenda. Bale batoto ba kwa dirisha bengi beko na heshima, iko mumoja mwanamuke kila mara ananiuliza "Mama, mayai imefika bien?" na mi nasikiaka furaha. Shida ni karatasi. Ile tikiti banakupa, wino yake haimalizi hata mwezi, ukiiacha kwa dashibodi na jua ya kwetu juma mbili inakuwa nyeupe pe, na mi nahitaji ile tikiti kwa hesabu zangu. Na mwezi wa pili, siku ya mvula kubwa, mashini yao ilikuwa imekufa, muntu wa zamu akakamata makuta yangu akaniandikia kikaratasi kwa mukono, hakuna kashe, hakuna namba. Mbele kidogo tu, labda mita 50, mwenye anaangalia tikiti akakikataa. Nikamwambia papa, mwenzako njo ameniandikia, muone pale, amevaa jile ya rangi ya machungwa, munyoshee mukono. Akasema yeye anajua paka tikiti ya mashini. Nikalipa mara ya pili, nyuma yangu kamiyo zinapiga honi, mvula inanyesha juu ya turubai na turubai iko na tundu. Nimeandika barua, nikapeleka, hakuna mwenye alijibu. Ile makuta sitalia tena, lakini nilitaka muntu aseme "Mama, tulikosa".

Na kitu kingine juu ya ile tikiti: iko na bei, iko na tarehe, lakini haikuambii makuta inaenda wapi. Bantu bengi banafikiri peyaje inalipa kujenga barabara. Si hivyo tu. Sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2008 yenye ilianzisha FONER, ule mufuko wa taifa wa kutunza barabara, inasema ule mufuko unakula kwa mafuta yenye tunaweka ndani ya motokari, kwa peyaje, na kwa kupima uzito wa kamiyo, na kazi yake ni kutunza: kuziba mashimo, kusafisha kanivo za mayi, kukata majani. Kujenga mupya ni makuta ingine, na hiyo mara nyingi inatoka inje, na inakuja kwa namna mbili. Moja ni musaada, banakupa haurudishi. Ingine ni deni, na deni kuna muntu atailipa hata kama ile siku ya kusaini hakuwa amezaliwa.

Shemeji yangu anafanya kazi ya komptabilite, njo alinifungua macho kwa mambo ya deni, tulikaa siku moja ya Mungu baada ya misa tunakula bukari akanieleza polepole. Ule mukataba wa Sicomines, kompanyi ya mgodi ya inchi yetu pamoja na Bachina, wa mwaka 2008, ulikuwa hivi: bo banajenga njia, hospitali, na bingine, na mukuba ya Kolwezi inalipa. Mwanzo banasema dola bilioni 6 za kujenga, mwaka wenye ulifuata ikakatwa ikawa bilioni 3, juu wakubwa ba makuta ya dunia, FMI, balisema deni ni mingi kwa inchi. Mwezi wa 3 mwaka 2024 bakasaini mupya, sasa ni mpaka bilioni 7 mpaka mwaka 2040, ni kama dola milioni 324 kila mwaka za barabara. Lakini, na hapa njo niliacha kula, ile milioni 324 inakuja kama bei ya mukuba inakaa juu ya dola 8,000 kwa tani. Ikishuka chini ya pale, makuta ya njia inapungua pia. Kwa hiyo muntu ananunua na kuuza mukuba kule London, bei inashuka, na huku shantiye inasimama na kijiko kinabaki kwa mchanga. Mi sikuwa najua. Miaka yote nauzisha mayai naangalia paka bei ya kwacha.

Sisemi ni mbaya. Bila deni tungengojea mpaka lini? Nimekumbuka hii RN1 mbele, bale ba umri wangu banajua, tulikuwa tunalala njiani na kuku ndani ya motokari. Nasema tu muntu mwenye analipa ajulishwe analipa nini.

Iko mutoto wa dada yangu yuko Marekani, Ohio, anaendesha kamiyo. Nilimuuliza kwenu kule inakuwaje, akanitumia voisi ndefu ya dakika 11, kijana anapenda kazi yake. Anasema kila galoni ya mazutu yenye anaweka, senti 24.4 inaenda kwa serikali ya Washington, ya esansi ni senti 18.4, na ile makuta inaingia kwa mufuko wa barabara wenye beko nao tangu mwaka 1956. Kutoka pale inagawiwa kwa majimbo kama musaada, jimbo nalo linatosha sehemu yake, mara nyingi Washington 80 jimbo 20, kwa zile barabara kubwa za kuunganisha majimbo inafika 90 kwa 10. Na kama jimbo ao muji unataka kujenga daraja kubwa ao reli na musaada hautoshi, kuna deni ya serikali yenye riba ndogo, inaitwa TIFIA, iko tangu 1998, miaka mingi ilikuwa inabeba kama tatu moja ya bei ya kazi, na banarudisha polepole na peyaje ao na kodi ya pale pale. Nikasema kumbe bo bamefika! Akacheka, akasema tantine ngoja, ile kodi ya mafuta haijapanda tangu 1993, mashini zinakunywa mafuta kidogo kuliko zamani, na tangu 2008 banalazimika kuongeza makuta ya kando ndani ya ule mufuko juu haujitoshelezi. Basi nikajua hata kwenye bulongo ya matajiri mufuko unapigaka kelele. Lakini kitu kimoja alisema kilinibaki kwa roho: fasi zingine zenye banatengeneza, banasimikaka pano, na inasema makuta imetoka wapi. Alinitumia foto. Pano ya rangi ya kijani, jina la kazi, na chini yake mufuko wenye umelipa.

Sasa zile kilomita 3.

Ukitoka RN1 kuingia komini yetu, sitaitaja, benye banakaa huku banajua, gudroni inakufa pale pale kama muntu alikata na kisu. Kutoka pale mpaka kwa depo yangu ni kilomita 3 na kidogo, na kaye yangu inasema: kipwa, yaani wakati wa jua, plato 4 ao 5. Wakati wa mvula, mwezi wa 12 mpaka wa 3, plato 7, siku moja plato 11. Plato 11 ni mayai 330, kwa njia yenye mutoto wa shule anatembea kwa muguu kwa dakika 40. Nyota 1, na hiyo 1 siipi njia, naipa batoto ba pale.

Juu iko fasi moja, karibu na famasi, shimo yake inaweza kulala ng'ombe. Mayi inatuama pale mpaka inakuwa kijani. Bijana ba avenue bamekuwa banachota laterite kwa bruweti, banajaza, banakanyaga na miguu, banatandika na matofali ya kuvunjika, na kiisha banafunga kamba, ukipita unabapa franga 500 ao 1,000. Bantu bengi banabatukana, banasema ni bavoyu. Mi nabapa, na napaka nabo mayai ya kupasuka yenye bado ni muzuri, bakaange. Juu pale naona: franga yangu, bruweti yao, shimo limejaa. Siku yenye bamejaza napoteza plato 3. Nimeandika kwa kaye, naweza kukuonyesha. Mvula tatu tu zinapita na ile laterite inaenda yote kwa kanivo, na kanivo imeshajaa plastiki, na mayi inarudi juu ya njia, na bijana banaanza tena.

Mwezi uliopita nilienda kwa ofisi ya komini. Nilikuwa nimesikia kwa redio kwamba kodi ya mgodi inagawiwa na sisi ba chini tuko na sehemu, nikasema ngoja nikaulize sehemu yetu iko wapi. Papa mumoja wa pale, muntu wa umri, alinipokea na heshima, alinipa kiti, akanieleza vizuri kuliko redio. Code ya mgodi ya 2018 inasema kwa ile kodi ya mali ya udongo, redevansi, asilimia 50 inaenda Kinshasa, 25 kwa provense, 15 kwa komini ao sekta, na 10 kwa mufuko wa batoto benye batakuja. Nikasema papa, basi ile 15! Akatosha miwani yake, akaiweka juu ya meza, akasema: "Mama, ile 15 inaenda kwa komini yenye mgodi uko ndani yake. Huku kwetu hakuna mgodi."

Nilikaa kimya. Kiisha nikamuuliza: papa, na zile kamiyo zenye zinapita hapa ku kona zikikwepa foleni ya barabara kubwa, zimebeba nini? Akasema mukuba. Nikasema basi shimo ya kule inapata 15, na shimo ya huku yenye mukuba imechimba kwa kupita, inapata ngapi? Akasema, Mama, sheria inaangalia fasi mukuba inatoka, haiangalii fasi inapita.

Bandugu, nimeandika haya yote juu ya hii sentensi. Naiwaza kila nikikaa kwa kabini na plato yangu kwa magoti. Barabara ya Kasumbalesa iko na nyota 4 juu iko na muntu anasimama pale anakusanya, na njia za deni ziko na mukuba yenye inalipa, kwa hiyo kila muntu yuko na sababu isife. Komini yenye mgodi iko na 15 yake. Vijiji vya teritware vilipata ile programu ya serikali ya teritware 145, ya zaidi ya dola bilioni 1.6, yenye ilitoa mashule na makituo ya afya, na barabara za shamba zilikuwa ndani. Sisi ba katikati, ba muji, ba avenue yenye si ya taifa, haina mgodi, si ya kijiji, tuko wapi? Yule papa aliniambia tunangojea provense na Kinshasa. Katiba ya 2006 inasema provense ibakize asilimia 40 ya makuta ya taifa yenye imekusanywa kwake, iibakize pale pale, na iko na kasha ya kusawazisha, ya asilimia 10, ya kusaidia fasi zenye ziko nyuma. Iko imeandikwa. Njia ya kwetu nayo ingehitaji paka kilomita 3 za kanivo na gudroni, ao hata mawe ya kupanga, batoto ba kazi beko hapa, umebaona na bruweti.

Basi kwa mwenye anataka kuanza hii njia, namushauri hivi: toka Kasumbalesa asubuhi mapema, usilale njiani, kwa peyaje ukatae kikaratasi cha mukono mpaka bakipige kashe, tikiti ukifika nyumbani uipige foto mbele wino haijaenda, kartoni za chini weka majani makavu ao matambara katikati ya plato, na depo yako uitafute karibu na gudroni hata kama lupango ni bei. Mi nilikosa pale, nilifuata lupango ya bei ya chini, na mayai yenye nimepoteza kwa miaka 6 ingenunua hata chumba ingine.

Yule papa wa komini mbele ya kuachana aliniambia andika barua, Mama, andika na hesabu za mayai, juu hapa banaleta barua za kulia tu, hesabu hakuna mwenye analeta. Nikaandika. Nimeomba bintu bibili: kanivo ya ile avenue isafishwe mbele ya mwezi wa 11, na kwa kila kazi ya njia ndani ya komini basimike pano, yenye inasema makuta ni ngapi, imetoka wapi, ni musaada ao deni, na kama ni deni nani atalipa. Nimeweka kopi ya kurasa 14 za kaye. Bijana ba bruweti nabo bamesaini, na mama wa famasi, na pasta.

Banapokea juma iliyopita, bakapiga kashe kwa kopi yangu, bakaandika tarehe na bic ya bluu. Iko kwa kabini, ndani ya nailo, pamoja na tikiti za peyaje. Siku ya posho, samedi, napakiza tena kartoni 40.